Mwendo wa Saa Moja: kuisoma upya hadithi ya asili ya Wamakonde

Mtu mmoja alitoka porini, huko Mahuta. Haogi, hanyoi nywele, anakula kidogo na kunywa kidogo. Siku moja akachonga sanamu ya mtu kwa mti, akaipeleka kwake na kuisimamisha wima. Usiku ile sanamu ikapata uhai, ikawa mwanamke. Wakashuka wote wawili hadi mto Ruvuma kuoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahama, wakauvuka uwanda hadi bonde la Mbwemkuru. Akajifungua tena, mfu tena. Wakarudi juu, Mahuta porini, na mtoto wa tatu akaishi. Ndipo yule baba akawaachia wanawe wosia. Wafu wazikwe wakiwa wima, kwa kumkumbuka mama yao aliyeanza maisha akiwa amesimama. Na wasijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, maana huko kuna maradhi na mauti. Nyumba ziwe mbali na maji, angalau mwendo wa saa moja.

Kwetu Newala ukikaa na wazee hukosi kuisikia, kila mmoja na namna yake. Namna hii niliyoifupisha imo katika kitabu cha Karl Weule, Mjerumani aliyepita Masasi na Newala mwaka 1906, wakati nchi ya kusini bado inanuka moshi wa Maji Maji. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908, na Alice Werner akakitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1909. Kwa hiyo mimi, mtoto wa Chilangala, nimeisoma hadithi ya babu zangu kwa Kiingereza kilichotokana na Kijerumani, kwenye simu, ndani ya basi la Dar kwenda Masasi. Hilo nalo ni somo, ila tuliache kwanza.

Nina sababu ya kuirudia hadithi hii, na sababu yenyewe inaniaibisha kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika habari kuhusu bwawa moja bondeni. Mradi mmoja ulikuwa umeleta vifaranga vya sato, vikamwagwa kwenye maji mbele ya kamera, akina mama wakapiga vigelegele. Niliandika kwamba wananchi wamenufaika. Niliandika kwamba mabadiliko ya tabianchi yameharibu kilimo, hivyo ufugaji wa samaki ni mkombozi. Na kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kufunga habari, nikamalizia na ile sentensi ambayo haijawahi kumwangusha mwandishi yeyote: maji ni uhai.

Baada ya sherehe, mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni aliniuliza, “Na wale waliokuwemo mmewapeleka wapi?”

Nilicheka, nikidhani ananitania. Kwenye habari yangu hayumo. Nafasi ilikuwa ndogo, nilijiambia. Ukweli ni kwamba sikuwa na maneno ya kumjibu. Sikujua waliokuwemo ni akina nani, na sikuwa nimewahi kusoma chochote kwa Kiswahili kilichonifundisha kuuliza.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema. Maandishi yetu kuhusu maji, kuanzia habari za magazeti mpaka mashairi, yanamhesabu mtu peke yake. Maji ni ndoo kichwani. Maji ni mvua ya neema, au mafuriko ya adhabu. Anayeishi ndani ya maji hayumo, na akiwemo basi ni kitoweo. “Maji ni uhai” ni sentensi nzuri mpaka pale unapoiuliza swali moja tu: uhai wa nani?

Msomaji ataniambia, kaka, fasihi haina kazi ya kuhesabu samaki. Sawa. Lakini kuna kitabu kizima kuhusu samaki wetu, na kimeandikwa kwa mapenzi na ucheshi wa mtu anayejua kusimulia. Ni kitabu cha Tijs Goldschmidt, mtafiti aliyekaa Mwanza miaka ya 1980 akiwachunguza furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wakati sangara aliyepandikizwa anawamaliza mbele ya macho yake. Kilitoka mwaka 1994, kwa Kiholanzi. Jina “furu” ni letu, samaki ni wetu, na hasara ni yetu. Lakini aliyeketi kuandika maombolezo yao ni mgeni, kwa lugha ambayo mvuvi wa Mwanza hawezi kuisoma. Simlaumu yeye. Nauliza sisi tulikuwa tunaandika nini.

Sasa turudi Mahuta.

Weule aliisoma hadithi hii kama jibu la swali lake: kwa nini watu wakae juu ya uwanda usio na maji? Akaona ndani yake busara ya afya, kwamba juu kuna hewa safi na bondeni kuna homa. Usomaji huo si wa kuupuuza. Watoto wawili wafu, mabonde mawili: yeyote aliyeuguza mtoto malaria anaielewa hesabu hiyo. Lakini Weule aliishia hapo. Kwake hadithi ikawa maelezo ya desturi, kama kibao cha jumba la makumbusho.

Mimi naona kilichomponyoka ni kile kipimo. Yule baba hakusema “msiende kwenye maji.” Asingeweza, watu lazima wanywe. Alisema msikae hapo. Alitenganisha kuendea na kukalia. Maji kwenye hadithi hii ni mahali pa kwenda kwa adabu, kuchukua unachohitaji, na kuondoka. Na kaburi la mtoto liko palepale ambapo wazazi walijisahau wakageuza mapito kuwa makazi. Huhitaji kumfanya mzee wa Mahuta kuwa mwanamazingira, maana hakuwa. Alikuwa anawalinda wanawe, hakuwa anamlinda kambare. Ila wosia una matokeo ambayo aliyeusia hakuyapanga. Watu wakikaa mwendo wa saa moja kutoka kwenye maji kwa vizazi na vizazi, kingo za maji zinabaki na miti, matope yanabaki na mayai, na kinachoishi pale kinapata nafasi ya kuishi.

Nilipofika Chilangala nilimsomea bibi hadithi hiyo, nikiitafsiri mstari kwa mstari, nikijiona msomi. Alisikiliza mpaka mwisho, huku akimenya mihogo. Kisha akasema, “Mjukuu wangu, huyo mzee wako hakuwahi kuchota maji.”

Sijasoma uhakiki mkali kuliko huo. Mwendo wa saa moja una mtu anayeutembea. Mwanamke wa kwanza wa hadithi alichongwa, akaoga, akazaa mara tatu, na hakupewa sentensi hata moja ya kusema. Binti zake ndio waliolipa gharama ya wosia, kwa shingo na magoti, wakitoka alfajiri kuteremka na kurudi wakiwa wamejitwika mtungi, baadaye debe, baadaye ndoo ya plastiki. Yeyote atakayeandika insha ya kusifu umbali wa Wamakonde na maji bila kumtaja huyo atakuwa ameandika uongo mtamu. Leo mitambo inasukuma maji kutoka visima vya Mitema mpaka juu, nyumba nyingi zina visima vya kuvunia mvua ya bati, na siku bomba linapotoka hakuna mwanamke anayelilia njia ya bondeni. Wala mimi sililii kwa niaba yake.

Lakini bibi hakuwa amemaliza. Nilimuuliza kule chini walikuwa wanakuta nini. Akaanza kutaja, bila kufikiri, kama mtu anayetaja majirani. Kaa wadogo chini ya mawe ya chemchemi. Vyura wa aina tatu, kila mmoja na saa yake ya kulia. Kambare kwenye matope, perege kwenye maji yaliyotulia. “Ukifika ukakuta vyura kimya na kaa hawaonekani,” akasema, “ujue maji yana jambo. Unageuza na ndoo yako.” Kumbe wale waliotembea saa moja ndio walioyajua maji. Walikuwa wasomaji wake. Bomba limewapumzisha mgongo, na ni haki yao, ila limeleta maji yasiyo na wakazi. Mtoto wa leo wa Newala anayajua maji kama kitu kinachotoka kwenye koki, tena kwa mgao. Ukimsimamisha pale Shimo la Mungu ataona bonde, ataona ukungu, atapiga picha.

Jambo hili lina uzito sasa kuliko zamani, kwa sababu saa yenyewe ya maji imeanza kwenda kombo. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kila kiumbe cha bondeni kimepanga maisha yake kwa ratiba hiyo. Kuna samaki mmoja mdogo, jamii ambayo wataalamu huiita Nothobranchius, anayepatikana kwenye madimbwi ya msimu ya mashariki ya Tanzania na Msumbiji. Utotoni tulimwita kisamaki cha mvua, tukiamini kabisa kwamba anadondoka na matone, maana jana palikuwa na vumbi na leo kuna samaki. Ukweli wake ni mzuri kuliko imani yetu. Mayai yake hulala ndani ya udongo mkavu kwa miezi, hata dimbwi likiwa limepasuka nyufa. Mvua ikija huanguliwa, na jamii ya Msumbiji imeonekana kufikia utu uzima ndani ya wiki mbili tu. Hutaga, na dimbwi likikauka hufa na maji yake. Na hayaanguliwi mayai yote kwa mvua moja. Mengine husubiri, endapo mvua ya kwanza itakuwa ya uongo. Akiba haiozi, na yeye alilijua hilo kabla yetu.

Lakini akiba nayo ina mwisho. Mvua ikianza na kukatika, kisha ikaanza na kukatika tena, kila mara kuna mayai yanayopotea bila wazazi kupatikana. Halafu inakuja mvua ya kupitiliza. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji, na Mtwara watu wakahamishwa kwa tahadhari. Mei 2024 kikaja Hidaya, na barabara ya kutoka Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika huko Kilwa. Mafuriko huunganisha maji ambayo hayakuwahi kukutana, na samaki aliyewekwa kwenye bwawa la mradi anajikuta mtoni.

Hapo ndipo habari yangu ya sato inaponirudia. Katika Ziwa Rutamba, mkoani Lindi, wanasayansi wamepima vinasaba na kuonyesha kwamba perege wa asili amezaana na jamii ngeni zilizopandikizwa, sato akiwemo. Nje unaona samaki tu. Ndani kuna ukoo unaofutika, ukoo uliozoea joto la maji yale na njaa yake kwa maelfu ya miaka, yaani ujuzi uleule tutakaouhitaji joto likizidi. Hata jina linahama. Ukienda sokoni sikuhizi, perege anaitwa sato ili auzike.

Mwaka 2020 kundi la watafiti wa nchi mbalimbali lilipendekeza mambo sita ya kuokoa viumbe wa maji baridi: kuuacha mto uwe na mtiririko wake, kusafisha maji, kulinda na kurudisha makazi, kuvua na kuchimba mchanga kwa kiasi, kuzuia viumbe wageni, na kufungua njia za mto zilizozibwa. Ripoti ya mwaka 2024 ya shirika la WWF inasema makundi ya wanyama wa maji baridi yanayofuatiliwa duniani yamepungua kwa wastani wa asilimia 85 tangu 1970. Ni tarakimu ya kutisha, na bado nilipoisoma mara ya kwanza sikushtuka. Tarakimu haina sura. Swali la yule mzee, “wale waliokuwemo mmewapeleka wapi,” lilinishtua zaidi, japo lilichelewa.

Na sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Nikiisoma kama mhakiki, naona ni hadithi ileile ya Mahuta, imepunguzwa kutoka mwendo wa saa moja hadi mwendo wa dakika moja. Simaanishi ni mbaya. Mita 60 zikiheshimiwa kweli, zikiachiwa miti yake na majani yake, chemchemi inapata kivuli na maji hayachemki. Shida ni ya uandishi. Sheria ina kipimo ila haina mtoto aliyekufa, kwa hiyo haimuumi mtu. Hadithi ina mtoto aliyekufa ila haina samaki, kwa hiyo haimtetei. Moja bila nyingine ni nusu ya sentensi.

Je, maneno yanaweza kuokoa kitu? Mfano ninao, na wengi wetu tuliucheka. Chura wa Kihansi, kadudu kadogo ka rangi ya dhahabu, aligunduliwa miaka ya 1990 kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi, kwenye eneo la hekta chache tu. Bwawa la umeme lilipochepusha maji, manyunyu yakaisha. Karibu vyura 500 wakapelekwa Marekani mwaka 2000 kulelewa kwenye bustani za wanyama. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini ametoweka. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa, kwenye korongo lililowekewa mabomba ya kunyunyiza maji kuigiza yale maporomoko. Vijiweni tulisema, yaani chura anapanda ndege! Lakini tazama: alikuwa na jina. “Chura wa Kihansi.” Watu waliligombania, wakalitania, wakalipinga, na kwa kufanya hivyo wakamweka kwenye lugha. Kile kisamaki cha mvua hakuna anayekitania. Dimbwi lake linafukiwa kwa lori moja la kifusi, na hakuna sentensi ya Kiswahili inayovunjika.

Ndiyo maana siafikiani na wanaosema kwamba kusaidia viumbe wa majini wahimili hali mpya ya hewa ni kazi ya maabara na wizara pekee. Juu ya uwanda mvua haikai. Mchanga unaimeza, nayo inatokea chini kwenye kingo kama chemchemi. Kichaka tunachofyeka huku juu na dawa tunayopulizia mikorosho zina njia ya kuteremka. Sisi ndio tunaoishi juu ya maji ya wale wa chini. Atakayelijua hilo ni yule aliyesimuliwa, na mwenye kazi ya kusimulia ni nani kama si sisi tunaojiita waandishi?

Sidai kila riwaya iwe na kambare. Nadai tuache kuandika maji matupu. Mwandishi anayetaka kumpeleka mhusika wake kisimani na ateremke naye, akae, aulize kinacholia pale ni nini na kinaitwaje na watu wa pale. Anayekusanya hadithi za wazee asiishie kwa mababu walioacha wosia. Awaulize mabibi walioutembea. Mwendo wa saa moja umeondoka kwenye vichwa vya akina mama, alhamdulillah. Naona ni zamu yetu kuutembea, tena sisi hatubebi ndoo.

Nimejaribu kuiandika upya ile habari yangu ya bwawa. Nilirudi bondeni bila kamera. Yule mzee sikumkuta, aliaga dunia mwaka mmoja kabla. Kijana wake alinionyesha sehemu ya juu ya bonde, mbali na bwawa, ambako dimbwi la msimu bado linajaa kila mwaka na hakuna aliyemwaga kifaranga. Ilikuwa Oktoba, pamekauka kabisa, udongo mweusi umepasuka. Nikamuuliza humu kuna nini. Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo la wazi.

“Wanasubiri mvua,” akasema.

Nimeifanya hiyo kuwa sentensi ya kwanza ya habari. “Maji ni uhai” nimeifuta.